Ildefons na Bunduki ya Risasi Mita Nne

Ildefons wa Bakoba alikuwa akisema kwamba Mwenyezi Mungu alitumia siku sita kuumba dunia kwa sababu moja tu: hakuwa na chuma cha kulehemu cha umeme. Angekuwa nacho, kazi ingekwisha Jumatatu kabla ya chai!

Aliyasema hayo hata kwenye kitubio. Padri alicheka kidogo pale dirishani, kisha akampa Salamu Maria thelathini.

Hazikumponya. Mwaka ule wa sabini na nne, ukipita Bakoba pale mjini Bukoba, ukakuta mtu mwembamba kama fito kasimama mlangoni pa kibanda cha redio, anawahutubia watu wawili na mbuzi mmoja, basi huyo ndiye. Na hotuba ilikuwa ile ile kila siku: jinsi vyuma vya kulehemu vinavyopata moto.

Yeye alikuwa navyo vitatu. Vitatu! Mafundi wengine walikuwa na kimoja kimoja, tena cha kuazimana. Ildefons alivipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka na kuhama, akavitunza kwenye mkoba wa ngozi, kila kimoja kimevishwa soksi. Yeye mwenyewe alivaa viatu miguu mitupu.

Utawala wa Bakama, wale wafalme wetu wa Kihaya, serikali ilikwisha kuufuta miaka kumi hivi nyuma. Wote tulikuwa ndugu. Lakini mkobani mwa Ildefons ufalme ulikuwa bado umesimama wima!

"Huyu," alikuwa akisema, anavua soksi ya kwanza polepole, "ni Mukama mwenyewe. Ndani ana waya mwembamba kama unywele, umezungushwa kwenye karatasi ya ulanga, jiwe jembamba lisiloshika moto. Umeme ukifika hapo unakuta njia nyembamba. Unasukumana, unachubuana, unatoa joto, na joto linahamia kwenye pua ya shaba. Dakika kumi! Mukama haharakishwi. Lakini akishaketi, ameketi."

Kisha soksi ya pili. Humo mlikuwa na kitu chenye mpini na kifyatulio, sawasawa na bastola ya sinema.

"Bunduki! Huyu ni Katikiro, waziri mkuu. Ndani ana transfoma. Upande mmoja nyuzi elfu, upande wa pili mzunguko mmoja tu wa shaba nene kama kidole changu. Umeme ukivuka huko unanenepa kama mto Kagera wakati wa masika, halafu unalazimishwa kupita kwenye pua nyembamba. Navuta hapa, sekunde sita, moto! Naachia, baridi!"

Na soksi ya tatu, ambayo haikuvuliwa ila mbele ya watu wenye heshima zao.

"Huyu ni Hakimu. Nyuma ya pua ana kichuma kinachoshikana na sumaku. Pua ikifikia joto linalotakiwa, kichuma kinaikataa sumaku, swichi inaachia, umeme unakatika. Ikipoa, wanarudiana. Yaani kama mume na mke wa Izimbya!"

Mbuzi alikuwa akiondoka hapo.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa nne akaingia mwanamke kibandani, mwavuli mkononi, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa Mwalimu Georgina, wa shule ya msingi huko Buganguzi, Muleba, naye ndiye aliyeongoza kwaya ya kijiji.

Shida yake ilikuwa kubwa. Miezi mitatu nyuma, watu wa redio walipita Muleba na gari lao la kurekodi, wakairekodi kwaya ya Buganguzi ikiimba wimbo wa kuhimiza kilimo. Barua imekuja: wimbo utasikika Jumapili hii, saa kumi jioni, nchi nzima! Na redio ya kijiji, ile kubwa ya masomo ya watu wazima, imekufa. Redio nyingine ilikuwa ya katibu wa kijiji, na katibu alikuwa nayo kwenye semina Mwanza.

"Si ungeileta hapa?" Ildefons aliuliza.

"Ni mali ya umma, fundi. Haitoki kijijini bila kikao cha kamati. Na kamati inakaa Alhamisi."

Ildefons alitikisa kichwa kama daktari bingwa. Hakuwa na mke, na mwalimu huyu alikuwa na sauti nzuri hata akieleza matatizo.

"Ilinyamaza lini?"

"Jumanne, wakati wa mvua kubwa."

"Na umeme kwenu upo?"

Georgina alishika shavu. "Umeme? Fundi, usiseme! Mwingi kupita kiasi. Masika hii ndiyo umezidi, watu wanaogopa hata kutoka nje."

Ildefons alipigwa na butwaa. Kumbe ujamaa umefika mbali namna hii! Hapa mjini mashine ya dizeli inazima mara mbili kwa siku, na huko Buganguzi umeme umejaa mpaka watu wanaogopa kutoka!

"Haukatiki?"

"Unakatika mvua ikikatika."

"Ahaa!" Ildefons alijipiga paja. "Mtambo wa nguvu za maji!"

Georgina aliendelea kusema habari za mbuzi wawili wa jirani waliouawa malishoni na mti uliopasuka katikati, maana yeye alikuwa akizungumzia umeme wa mawinguni, ule unaokuja na radi. Lakini Ildefons hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akiwavisha soksi Mukama, Katikiro na Hakimu kwa safari.

Kesho yake asubuhi walipanda basi la Muleba. Georgina alikaa dirishani, Ildefons kando yake na mkoba mapajani. Basi halijafika Kemondo, tayari alikwisha kuwahutubia abiria wa viti vinne vya mbele na vitatu vya nyuma.

"Bunduki yangu hii!" alipiga kelele kuishinda injini. "Navuta kifyatulio mara moja tu! Sekunde sita, risasi inayeyuka!"

Mzee mmoja mwenye kikapu cha dagaa alihama kiti.

Kabla ya kuingia Muleba palikuwa na kizuizi cha mgambo, waliokuwa wakisaka magendo ya kahawa. Kijana wa mgambo aliingia ndani ya basi na rungu lake.

"Nani ana kahawa?"

Kila mtu akatazama dari la basi.

"Nani ana neno lolote la kutuambia?"

Mzee wa dagaa akanyoosha kidole. "Yule ana bunduki."

Mgambo akasogea. "Ndugu, ni kweli una bunduki?"

Mtu mwingine angeruka maili mia. Lakini tangu azaliwe Ildefons hakuwahi kuulizwa habari za vyuma vyake akanyamaza.

"Ninayo," alijibu, kifua mbele. "Tena ya Ulaya."

"Na risasi?"

"Zipo!"

"Ngapi?"

"Hazihesabiki, ndugu yangu. Zimeviringishwa. Ni kama mita nne hivi."

Mgambo alitoka ndani ya basi kinyumenyume, akakosa ngazi, akafikia matakoni.

"Ni fundi wa redio huyu!" Georgina alipaza sauti kutoka dirishani.

"Redio!" kamanda wa kizuizi alifoka huko nje. "Kumbe ana na mitambo ya mawasiliano! Mshusheni!"

Akashushwa. Georgina akashuka naye, maana angemwacha vipi? Basi likaondoka zake. Ildefons akakalishwa juu ya gunia la kahawa ya magendo, na Katikiro akavuliwa soksi mbele ya halaiki.

"Fyatua tuone," kamanda aliamuru. "Elekeza migombani!"

Mgambo wote sita wakalala kifudifudi. Ildefons akavuta kifyatulio. Ka! Hakuna kilichotokea. Jani la mgomba halikutikisika.

"Mbona haijalia?"

"Haina umeme, Afande. Na hata ikiwa na umeme hailii. Inapata moto tu."

Kamanda aliichukua, akaigeuza huku na huku. Akautoa mkobani ule waya wa risasi ya kulehemia, akaubinya kwa ukucha. Ulipinda kama tambi.

"Bunduki haina mlio," alisema taratibu, "na risasi ni laini kama tambi. Ndugu yangu, ukienda vitani na silaha hii, adui atakuonea huruma."

Akamrudishia. Mgambo walicheka mpaka wakasahau kulikagua lori lililosimama nyuma yao. Kwa bahati lilikuwa lori la ushirika, na dereva alikuwa Kagaruki wa Buganguzi, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya Georgina. Akawapakia wote wawili.

Walifika Buganguzi jioni jua linaelekea kuzama. Mwenyekiti wa kijiji, Ta Aroni, alikuwa amewapanga watu barazani kama anapokea mbio za Mwenge. Kulikuwa na ndizi za maharage, kulikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye vibuyu, kulikuwa na vigelegele. Ildefons alisahau kizuizi papo hapo.

Akaifungua redio. Na hapa tumpe haki yake: kazi aliijua. Aliangalia mara moja tu.

"Waya wa betri umeachia. Na huu wa spika unaning'inia. Yanatakiwa matone mawili ya risasi, basi! Fundi mwingine, dakika ishirini. Mimi na Katikiro, dakika moja!"

Vigelegele vikaanza upya.

Kando ya sufuria alikuwa ameketi mjane mmoja wa kwaya, Ma Klaudia, akimenya ndizi za kesho. Yeye alikuwa akitengeneza koroboi na vikombe kwa makopo matupu, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alisogeza kigoda chake karibu.

"Mwanangu, kumbe nawe unalehemu?"

Loo! Swali hilo lilimgharimu Ma Klaudia nusu saa. Alielezwa waya na ulanga. Alielezwa transfoma. Alielezwa kichuma kinachokataana na sumaku na kurudiana nayo. Alisikiliza yote, kisu kikiendelea na ndizi.

"Na wewe, Ma, unatumia chuma gani?" Ildefons aliuliza mwishoni, kwa ukarimu.

"Nundu ya shaba, mwanangu. Na makaa."

"Makaa!" Ildefons alicheka mpaka akafuta machozi. "Ma, hayo mambo ya zama za mawe!"

"Ee, mwanangu," alisema Ma Klaudia, akachukua ndizi nyingine.

Ildefons akasimama, akamshika Katikiro kwa mkono wa kulia, plagi ikining'inia mkono wa kushoto.

"Haya, tusipoteze muda. Nionyesheni tundu la umeme."

Watu walitazamana. Ta Aroni alikuna kidevu.

"Tundu la umeme? Unataka kuliona?"

"Mwenyekiti, bila tundu siwezi kufanya lolote!"

Basi wakafikiri ndiyo taratibu za kitaalamu, kuanza na chanzo cha ugonjwa. Ta Aroni akatangulia. Ildefons akafuata, na nyuma yake kwaya nzima, wakapita migombani, wakavuka kijito, wakapanda kilima kidogo. Ildefons alianza kujiuliza kwa nini soketi imewekwa mbali na nyumba namna hii.

Wakasimama mbele ya mparachichi uliopasuka vipande viwili, mweusi kama chungu. Kwenye mizizi palikuwa na shimo.

"Hili hapa," alisema Ta Aroni. "Umeme uliingilia hapa Jumanne. Tumepima kwa fito, hatukufika mwisho."

Ildefons alilitazama shimo. Akaitazama plagi yake. Akalitazama tena shimo.

"Mimi," alisema kwa sauti nyembamba, "ninatafuta lile la ukutani."

"La ukutani hakuna. Ulipiga mti tu. Tunamshukuru Mungu!"

Usiku ule fundi alilala kwa mwenyekiti. Kulala ni namna ya kusema tu.

Jumapili, Wakatoliki walipotoka kigangoni na Walutheri walipotoka kwao, wote wakakutana uwanjani kwa Ta Aroni. Ildefons alikuwa amepata nguvu mpya. Alimwomba Kagaruki lori.

"Betri!" alitangaza. "Umeme ni umeme!"

Akaunga nyaya kwenye betri ya lori, akamwelekeza Katikiro juu, akavuta. Sekunde sita. Sekunde sitini. Kimya kama maji mtungini.

"Ninajua sababu," alisema haraka. "Umeme wa betri unakwenda upande mmoja tu. Transfoma haiutaki huo. Yenyewe inataka umeme wa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi!"

"Basi hilo dogo," alisema Kagaruki, akarukia usukani. Akawasha lori, akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma. Alikuwa amekwisha kuulaza mche mmoja wa kahawa wa mwenyekiti walipofanikiwa kumzuia.

Zamu ya Mukama. Huyu angalau hana transfoma, ni waya tu, na waya hauchagui umeme! Akaungwa kwenye betri. Kwaya ikaketi kumzunguka. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mmoja mmoja walikuja kuigusa ile pua.

"Baridi kama ya mbwa," alitoa taarifa Ta Aroni.

"Mwenyekiti, huyu anataka volti mia mbili na arobaini. Hapa anapata kumi na mbili. Ni kama kumlisha tembo kwa kijiko cha chai."

"Na yule wa tatu?"

Hakimu naye aliungwa. Hakutoa hukumu yoyote.

Ikafika saa nane. Watu walikuwa wakizidi kufika, wengine na watoto mgongoni, wengine na viti vyao kichwani. Jasho lilimtoka Ildefons kama anayechimba kisima. Ghafla akaruka.

"Joto ni joto!" alisema, akakimbilia jikoni kwa mke wa Ta Aroni, akamchomeka Mukama kwenye moto wa kuni.

Kweli pua ilipata moto. Tatizo ni kwamba na vingine vyote vilipata moto. Mpini uliinama kama mshumaa. Waya ukawaka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ulanga ulipasuka ndani, pa, pa, pa, kama mahindi kwenye kikaango, na harufu iliyotoka hapo iliwafukuza kuku wa nyumba tatu.

Mukama aliiaga dunia saa nane na robo.

Ildefons alitoka nje, masizi usoni, akakaa juu ya kinu kilicholazwa ukutani. Akaitoa soksi ya Mukama, akaikunja mara nne.

Georgina alimjia. Laiti angemgombeza!

"Fundi," alisema taratibu, "unamwona bibi yule mwenye kanga ya njano? Haoni. Ametembea tangu alfajiri anashikwa mkono. Mjukuu wake ndiye anayeanzisha wimbo."

Ildefons alimwangalia yule bibi. Alikuwa amekaa karibu kabisa na redio bubu, ameielekezea sikio kabisa, asije akapitwa.

Fundi wa Bakoba akajipangusa masizi. Akasimama.

"Kwa Ma Klaudia ni wapi?"

Alimkuta uani kwake, ameinamia jiko la bati, anapuliza. Makaa yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Ma," Ildefons alianza. "Kile chuma chako..."

"Kimo motoni. Nilikiweka uliposema habari za kijiko na tembo."

"Mbona hukusema, Ma?"

"Ulisema ni mambo ya zama za mawe, mwanangu. Nikaona nisikuchafulie kazi."

Redio ikaletwa uani mbio. Ilikuwa saa tisa na nusu. Ma Klaudia alichomoa nundu yake: donge la shaba kama ngumi ya mtoto kwenye mpini wa mti, limekuwa jekundu.

"Limeiva!" Ildefons alipiga kelele, akanyoosha mkono. "Lete!"

"Halijaiva. Limeungua. Likiwa jekundu hivi risasi inalikimbia."

Akaliacha lipoe kidogo. Akalifuta kwa kitambaa kibichi, tsss, akalisugua na ulimbo mpaka ncha ikang'aa kama sarafu mpya. Halafu akalisogeza karibu na shavu lake, akafumba macho, kama mtu anayesikiliza umbeya.

Ildefons alisahau hata muda. Kazi hiyo kwa Hakimu ilihitaji sumaku, kichuma na swichi!

"Ma, shavu hilo linapima digrii ngapi?"

"Ni la kushoto tu, mwanangu. Shika waya."

Akashika. Nundu ikagusa, risasi ikatiririka, Ma Klaudia akaondoa mkono. Haikuchukua hata sekunde mbili. Waya wa betri ukawa umekaa kama umezaliwa pale.

"La pili. Shaba imepoa. Puliza!"

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Ildefons akapiga magoti, akapuliza. Majivu yakampaka nyusi. Akapuliza, machozi yakamtoka, akapuliza. Nundu ikapata moto, shavu likatoa ruhusa, waya wa spika ukaungwa. Wakazirudisha betri. Ildefons akazungusha kitufe.

Redio ikakoroma. Ikakwaruza. Halafu sauti ya mtu ikasema, wazi kabisa, kwamba ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili.

Mawe, mama yangu wee! Mbio walizotoka nazo uani pale! Ta Aroni alibeba redio kichwani, Kagaruki akamshikilia kiuno asianguke, na Ma Klaudia nyuma na nundu bado mkononi.

Uwanjani watu wote wakanyamaza. Mtangazaji akaitaja Buganguzi, akautaja mkoa wetu wa Ziwa Magharibi. Kisha sauti ya msichana mmoja ikapanda, peke yake, nyembamba na safi, na kwaya ikaipokea.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi wa kanga ya njano aliweka kiganja chake juu ya redio kama anayempima mtoto homa. Ma Klaudia alijishika koo, kuhakikisha kwamba ile sauti iliyoko Dar es Salaam haijamtoka bila yeye kujua. Georgina alikuwa akiongoza kwa kidole kimoja, polepole, wasije wakakosea wimbo uliokwisha kuimbwa.

Ubeti wa pili, kati ya neno kahawa na neno migomba, kikasikika kikohozi kikubwa.

"Changu!" Kagaruki aliruka. "Kikohozi changu! Tanzania nzima!"

Wimbo ulipokwisha, wakambeba Kagaruki juujuu.

Ta Aroni akatoa neno la shukrani. Aliishukuru redio. Aliishukuru serikali. Alimshukuru Mwalimu Georgina, akaishukuru kwaya, akamshukuru Kagaruki na mapafu yake. Alimshukuru Ma Klaudia kwa muda mrefu, kwa Kiswahili halafu kwa Kihaya. Ildefons alikuwa amekwisha kusimama, ameweka kola sawa.

"Na mwisho," alisema mwenyekiti, "mgeni wetu wa Bukoba, aliyetushikia waya."

Basi la kurudi mjini lilikuwa Jumatano. Na habari ya kwamba Buganguzi kuna fundi anayefufua vitu haikungojea basi. Jumatatu alfajiri, uani kwa Ma Klaudia kulikuwa na foleni: birika zinazovuja, karai zilizotoboka, taa, beseni, hata kengele ya baiskeli.

Ildefons aliomba, kwa adabu, aruhusiwe kushika nundu.

"Anza na moto kwanza," aliambiwa.

Akaanza na moto. Saa nne hivi akafika mama mmoja wa kijiji cha pili, Verdiana, birika mkononi. Alimkuta mtu mwembamba amepiga magoti mbele ya jiko, mashavu yamevimba, kichwa cheupe kwa majivu.

"Waitu, Ma Klaudia," alisema Verdiana kwa heshima, "nimeambiwa amekuja fundi mkubwa kutoka Bukoba. Ndiye huyu?"

Ma Klaudia hakuinua macho kutoka kwenye karai.

"Fundi ni mimi," alisema. "Huyu ni mvukuto."

Ildefons alifungua kinywa amjibu. Makaa yakaanza kufifia.

Akapuliza.